Hesabu unazijua, mbona saa inakushinda?

Jumamosi mchana, Ukunda. Joto limekolea, feni ya sebuleni inapeperusha karatasi mezani, na mdogo wangu wa kidato cha nne amemaliza kufanya karatasi ya zamani ya Hisabati ya KCSE tuliyoitoa kopi pale mjini. Kaifanya taratibu, tangu Alhamisi, kidogo kidogo. Nikaisahihisha. Alikuwa amekosa maswali mawili tu. Nikampigia makofi.

Kisha nikampa karatasi ya mwaka mwingine, nikawasha saa ya simu na kuiweka mbele yake. Dakika 150, hakuna kuongea, hakuna kwenda kuchungulia sufuria jikoni.

Saa ilipolia alikuwa hajagusa maswali matatu ya sehemu ya pili. Matatu, na kila moja lina alama 10. Akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. "Dada, hizi nazijua wallahi. Mbona nikiwekewa saa zanikimbia?"

Sikumcheka, maana hayo yalishanikuta mimi. Na najua si sisi wawili tu. Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, kuna vijana wanaojua kufanya hesabu lakini hawajui kuzifanya ndani ya muda. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Kufanya hesabu tumefunzwa miaka minne. Kuchagua lipi lianze, njia ipi itumike na lipi liachwe, wengi hujifunza wenyewe, tena siku ya mtihani ikiwa imeshapita.

Mtihani umekaaje?

Tuanze na chombo chenyewe kabla ya kukipanda. Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, ya kwanza na ya pili. Kila moja ni saa mbili na nusu, alama 100. Ya kwanza hulalia zaidi mada za kidato cha kwanza na cha pili, ya pili hulalia za kidato cha tatu na cha nne.

Kila karatasi ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, jumla alama 50. Ya pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, nawe wachagua matano. Yaani nusu ya mtihani huna hiari, na nusu nyingine wapewa hiari. Tatizo ni kwamba wengi wetu hiyo hiari hatuitumii. Twaanza na swali la 17 kwa sababu limetangulia, twaenda la 18 kwa sababu linafuata, mpaka msimamizi aseme wekeni kalamu chini.

Na usijidanganye kwamba utalikwepa somo lenyewe. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja, kisha masomo mengine matano uliyofanya vizuri. Fizikia ikikuchapa unaweza kuifunika kwa Jiografia. Hisabati haifunikwi. Iwe unaota uuguzi pale chuo cha KMTC Msambweni, uhandisi wa meli au uhasibu wa hoteli Diani, gredi yako itapita hapo kwanza.

Bajeti ya dakika

Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Lakini hizo zote si za kuandika. Toa dakika 5 za kusoma karatasi nzima mwanzoni na 15 za kukagua mwishoni. Zinabaki 130. Sasa kila alama ina dakika 1.3.

Tafsiri yake ni hii: swali la alama 3 lina kama dakika nne. Swali la alama 10 lina dakika 13. Sehemu ya kwanza yote ina dakika 65, na sehemu ya pili nayo 65. Ziandike namba hizi kwenye kichwa chako kama unavyojua nauli ya tuktuk.

Nauli hiyo mimi sikuijua. Nilipokuwa mtahiniwa, nilikwama kwenye swali la alama 4, la logi. Nilikuwa nimefanya mengi ya aina ile darasani na nikaona aibu kuliacha. Nikafuta, nikaanza upya, nikafuta tena. Nilipotazama saa ya ukutani, dakika 25 zilikuwa zimekwenda. Kwa bajeti ile ya 1.3, dakika 25 ni alama 19. Nilitoa 19 kununua 4, na hata hizo 4 sikuzipata. Ni kama kwenda sokoni na elfu moja, ukamaliza mia tisa kwa samaki. Unga utanunua na nini?

Dawa yake ni sheria ya kuondoka, na ni lazima uiweke kabla ya kuingia chumbani, kwa sababu ukishakwama akili haikubali kushindwa. Yangu ni hii: muda wa swali ukiisha, na kwa dakika mbili sijaandika mstari mpya wenye maana, nalizungushia duara kwa penseli na kusonga. Silifuti. Nitalirudia kwenye zile dakika 15 za mwisho. Mara nyingi ukirudi unaliona kosa lako mara moja, kumbe ulikosea alama ya kutoa mstari wa pili.

Usifuate tabia ya KCPE

Watakaofunga ukurasa wa KCSE ya 8-4-4 mwaka 2027 ndio wale waliofanya KCPE ya mwisho, mwaka 2023. Mtihani ule wa Hisabati ulikuwa maswali 50 kwa saa mbili, ya kuchagua A, B, C au D. Mle, jibu ndilo lililohesabiwa. Ukilipata kwa kukokotoa, kwa kujaribisha majibu manne moja moja au kwa kubahatisha, mashine haikuuliza.

Hata leo kuna mitihani ya namna hiyo. Ukitaka kwenda kusoma Marekani huenda ukaambiwa ufanye SAT, na sehemu yake ya hesabu sasa ni maswali 44 kwa dakika 70, kwenye kompyuta. Mengi yana majibu ya kuchagua, na ukikosa hupunguziwi kitu. Basi mle kujaribisha majibu ni akili, na kuacha swali wazi ni hasara.

KCSE haiko hivyo. Soma maagizo kwenye jalada, wengi huyaruka. Yanakutaka uonyeshe hatua zote za kazi yako, na yanakwambia waziwazi kwamba kazi sahihi inaweza kupewa alama hata kama jibu si sahihi. Watahini wana alama za njia na alama za usahihi wa jibu. Kwenye swali la alama 3, mara nyingi jibu lenyewe ni alama moja tu. Zilizobaki ziko njiani.

Kwa hiyo mtu anayeandika jibu tupu kutoka kwa kalkuleta anahatarisha alama tatu kwa ajili ya kuokoa sekunde thelathini. Na mtu aliyekwama katikati akaandika mlinganyo sahihi na kubadilisha namba sawasawa, ameshaokota kitu. Ukiona huwezi kulimaliza swali, usiliache jeupe. Andika fomula, weka namba zako, chora mchoro na uandike vipimo, halafu nenda zako.

Tazama namba kabla ya kushika njia

Tuingie jikoni sasa. Swali moja laweza kuwa na njia tatu, zote sahihi, lakini moja ni ya dakika mbili na nyingine ya dakika nane. Anayekujulisha ipi ni ipi ni namba zenyewe, ukizitazama kabla ya kuanza kuandika.

Chukua hili. Mama ananunua nazi 3 na ndimu 4 kwa shilingi 220. Jirani yake ananunua nazi 5 na ndimu 4 kwa shilingi 340. Nazi moja ni bei gani? Kuna atakayekimbilia matrisi kwa sababu ndiyo aliyofunzwa mwisho: atafute kigeuzi, azidishe, ajaze nusu ukurasa. Lakini tazama: ndimu ni nne pande zote mbili. Toa hesabu moja kwenye nyingine, zabaki nazi 2 kwa shilingi 120. Nazi ni 60. Ndimu nne ni 40, kila moja shilingi 10. Mistari minne, umemaliza. Matrisi itumie pale swali linapoitaja kwa jina, kwani hapo njia si hiari yako tena.

La pili ni kwadratiki. Umepewa 6x² − x − 12 = 0. Utagawa kwa mabano au utatumia fomula? Usibahatishe. Piga haraka b² − 4ac: 1 + 288 ni 289, na hiyo ni 17 mara 17. Ikitoka namba yenye kipeo kamili namna hiyo, mabano yatafanya kazi: (3x + 4)(2x − 3). Lakini ukipewa x² − 5x + 3 = 0, unapata 25 − 12, yaani 13. Hakuna mabano ya namba nzima hapo, hata ukeshe. Nenda kwa fomula moja kwa moja. Tena mara nyingi swali lenyewe hukunong'oneza: likisema toa jibu kwa nafasi mbili za desimali, kwa kawaida linakwambia fomula.

La tatu ni asilimia, na hili huwanasa wengi. Hoteli ya ufuoni inatoza shilingi 8,000 kwa chumba. Desemba inapandisha bei kwa asilimia 25, Januari inashusha hiyo bei mpya kwa asilimia 20. Mwenye haraka atasema imepanda kwa 5. Badala ya kupanda na kushuka hatua kwa hatua, zidisha: 1.25 × 0.8 ni 1. Bei imerudi pale pale, 8,000. Ukizoea kugeuza kila asilimia kuwa namba ya kuzidisha, maswali ya riba, kupungua kwa thamani na kupanda kwa mshahara yote yanakuwa familia moja.

La nne ni mwendo. Tuseme Msambweni na Ukunda ziko umbali wa kilomita 24. Boda inatoka Msambweni saa 2:00 asubuhi kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na matatu inatoka Ukunda dakika hiyo hiyo kuifuata kwa mbele, kilomita 56 kwa saa. Zitakutana saa ngapi? Unaweza kutunga milinganyo miwili. Au ujiulize: kwa saa moja pengo lao linapungua kwa kiasi gani? 40 na 56 ni 96. Kilomita 24 gawa kwa 96 ni robo saa. Saa 2:15, na boda imekwenda kilomita 10. Mchoro mdogo wa mstari mmoja na mishale miwili hukuonyesha hilo upesi kuliko maneno.

Hisabu hizi nne zina funzo moja. Kabla ya kalamu, jipe sekunde ishirini za kuuliza: kuna kitu kinachofanana hapa? Swali limenitajia njia? Nikichora nitaona? Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Budapest aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kitabu maarufu mwaka 1945 kuhusu kutatua maswali, na alizigawa hatua zake nne: lielewe swali, panga njia, itekeleze, kisha tazama nyuma. Sisi chini ya saa huruka ya kwanza na ya pili, tukamwaga wino kwenye ya tatu, na ya nne hatufiki.

Kuchagua matano kati ya manane

Zile dakika tano za kusoma mwanzoni, nyingi zitumie kwenye sehemu ya pili. Kila swali litie alama ya penseli: tiki kwa unaloliweza lote, nukta kwa unaloliweza nusu, mkasi kwa usiloliweza. Anza na tiki, hata kama ni swali la 24. Hakuna aliyesema lazima ufuate foleni.

Ukiwa na nukta tatu na nafasi mbili tu, utachaguaje? Tazama mambo mawili.

Kwanza, alama zimegawanywaje. Swali la alama 10 huvunjwa vipande, na alama za kila kipande zimeandikwa pembeni. Swali ambalo unaviweza vipande vya alama 7 ni bora kuliko lile unalolipenda lakini unaweza vya alama 4. Hapa mapenzi weka kando.

Pili, vipande vinategemeana kiasi gani. Kuna swali ambalo jibu la (a) ndilo mafuta ya (b), na (b) ya (c). Ukiteleza mwanzo, safari nzima inayumba. Kuna lingine ambalo kila kipande kinasimama peke yake. Ukiwa na wasiwasi, shika hilo la pili. Ila kuna mlango mmoja wa kukumbuka: swali likikwambia onyesha kwamba jibu ni kadha wa kadha, jibu umeshapewa. Hata kama kuonyesha kumekushinda, lichukue hilo jibu uendelee na kipande kinachofuata.

Usiyaogope maswali ya kujaza jedwali na kuchora grafu. Ni marefu machoni, lakini kujaza jedwali ni kazi ya kalkuleta, na alama zake huja mapema. Fanya jaribio nyumbani ujue wewe wachukua dakika ngapi kuchora grafu moja. Ikiwa ni 13 au pungufu, hilo ni tiki yako. Ikiwa ni 22, bado una kazi ya kufanya kabla ya Novemba.

Zoezi ambalo wengi hatulifanyi

Kurudia karatasi za zamani ni vizuri, lakini twazirudia vibaya. Wiki hii tufanye vekta tupu, wiki ijayo uwezekano mtupu. Ukifanya maswali ishirini ya vekta mfululizo, hujachagua chochote. Njia ulishaijua kabla ya kusoma swali. Mtihani hauji na lebo.

Mwaka 2007, watafiti wa Marekani Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Wanafunzi waliofanya mazoezi yaliyochanganywa walikosa zaidi wakati wa mazoezi kuliko waliofanya aina moja moja. Lakini walipopewa mtihani wiki moja baadaye, waliochanganya ndio waliofanya vizuri, tena kwa mbali. Kule kuhangaika kidogo wakiuliza hili ni swali la aina gani, ndiko kuliwafunza.

Basi jaribuni hili, peke yenu au na kundi lenu. Chukua karatasi nzima ya zamani. Usitatue chochote. Kwa dakika 20, andika kando ya kila swali mstari mmoja tu: nitaanza na njia gani, na nitachukua dakika ngapi. Kisha kaeni barazani mlinganishe. Mmoja atasema matrisi, mwingine atasema toa tu. Bishaneni. Hapo ndipo utajua mwenzako anaona nini ambacho wewe hukioni. Halafu siku nyingine fanyeni karatasi hiyo kwa saa, na mwone kama mipango ilikuwa ya kweli au maneno.

Na zile dakika 15 za mwisho usizitumie kutazama dirishani. Rudi kwenye maduara yako. Kisha kagua majibu kwa akili ya kawaida: uwezekano haupiti 1, umri hauwi hasi, nazi moja haiuzwi shilingi 6,000 hata Desemba. Jibu la ajabu linakupigia kelele, lazima tu uwe na muda wa kulisikia.

Tulirudia na mdogo wangu Jumamosi iliyofuata, karatasi mpya, simu mezani, dakika 150. Safari hii alianza na swali la 21. Nilimwona akisimama kidogo kabla ya kila swali, penseli mdomoni, halafu anaandika. Mara mbili alichora duara akasonga, na uso ulionyesha kwamba yamuuma.

Saa ilipolia, matano ya sehemu ya pili yalikuwa yamejibiwa, moja likiwa pungufu ya kipande cha mwisho. Kwenye sehemu ya kwanza swali moja la alama 3 lilikuwa na mistari miwili tu na duara.

"Na hili?" nikamuuliza.

"Hilo nimeliacha, dada," akasema, akifunika kalamu yake. "Makusudi."